Pazia la Fundi

Fundi cherehani alikuwa na mwiko mmoja: jua lisiingie kibandani mwake. Jua huchujua vitambaa, na kitambaa cha mteja ni amana. Basi mwaka nenda mwaka rudi alishona nyuma ya pazia zito, taa ikiwaka mchana kweupe.

Kisha virusi vikamvamia mapafu. Mtungi wa oksijeni ulimvusha, akarudi nyumbani hai, ila hata kupuliza vumbi la nyuzi kwenye cherehani kulimshinda. Daktari alimpima damu, akakuta vitamini D iko chini mno.

"Sisemi upungufu huo ndio uliokulaza," daktari alisema. "Lakini mwili unaihitaji vitamini hiyo. Utameza vidonge, na utatoka nje, juani."

Mkewe hakumung'unya maneno. "Baba watoto, umelinda vitambaa visichujuke, ukachujuka wewe."

Yalimchoma kuliko sindano. Siku hiyohiyo aling'oa pazia, akaburuta cherehani hadi barazani. Kila asubuhi aliketi juani, akameza vidonge, akafanya mazoezi ya pumzi huku akinung'unika kwamba hakuzaliwa mjusi. Pumzi ikarudi kidogokidogo.

Asubuhi moja mkewe alimtazama vizuri. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi alilojishonea kwa lile pazia, na mabega ya shati hilo yalikuwa yameshapauka.

"Shati limechujuka, Baba watoto."

Fundi akainama, akapuliza cherehani kwa pumzi moja, vumbi la nyuzi likaruka hadi kwa jirani.

"Liache lichujuke," akasema. "Sasa ni zamu yake."