Oili ya Ansbert

Chupa za oili zilifika maabara ya Mabibo kila Jumatatu zikiwa zimeviringishwa magazeti, na Sukaina alizipanga dirishani kabla hata ya kugusa chai. Alikuwa mtu asiyetulia. Hata akiketi, mguu mmoja ulitikisika chini ya meza. Kazi yake ilikuwa kupima oili ya injini na kusema kitu gani kinalika humo ndani. Risasi na shaba zikipanda pamoja, beringi za kranki zinakwisha. Mchanga ukionekana, vumbi limepenya chujio la hewa, ndilo linalosaga. Wala si uganga.

Jumatatu hiyo oili ya tipa la Bi Benedicta ilikuja safi tena. Tipa hilo lilisomba mchanga Bunju, lilikuwa zee, na injini yake ilisikika ikigonga hata kabla halijakata kona. Gari kama hilo halitoi oili yenye rangi ya asali. Sukaina aliitikisa chupa, akaiweka, akaichukua tena. Ilimkera.

Aliyeileta alikuwa Ansbert, dereva wa tipa, mtu wa makamo. Alikuwa ameketi kwenye benchi, leso puani.

"Shikamoo, mzee Ansbert. Unaumwa?"

"Marahaba, dada. Mie leo sijisikii kabisa."

Leso ilikuwa nyeusi. Sukaina aliisogeza kwenye mwanga, akaona chembe za chuma ziking'aa, akaenda kuchukua chupa tupu. Ansbert aliinamisha pua bila kuambiwa. Oili ilitiririka taratibu, ikiwa ya moto, na hivyo ndivyo sampuli nzuri inavyotakiwa.

"Imeanza lini?"

"Tangu bosi aanze kumwaga oili asubuhi ya kipimo na kutia mpya. Sasa ile ya zamani si lazima iende mahali? Nilikwenda zahanati, wakanituma gereji. Gereji wakasema kifua kinagonga kweli, ila wao hawana spana za mtu."

Utaratibu wa maabara ni kwamba chupa huandikwa jina la ilikotoka. Sukaina aliandika: Ansbert.

Majibu yalitoka mabaya. Risasi juu, shaba juu, bati nalo limeanza, na mchanga tele. Alimwambia Ansbert apande ngazi, akamfuata huku ametega sikio mgongoni mwake. Ko, ko, ko. Kila kidato, mgongo uligonga zaidi. Sukaina aliogopa, maana alijua beringi ikifika hapo kinachofuata ni injini kukwama. Alimpigia Bi Benedicta.

Bi Benedicta alikuja na maandazi. Alikuwa mama mwema, wa kumuulizia kila mtu habari za watoto wake kwa majina.

"Mama, kwa nini mnabadilisha oili kabla ya kuipima?"

"Mwanangu, wewe unaendaga hospitali bila kuoga?"

"Huku tunautaka huo uchafu, mama. Ndio unaosema." Sukaina alimweleza yote: injini ishushwe, beringi zibadilishwe, chujio la hewa litupwe. "Tipa likikwama njiani, na huyu atakwama palepale."

Bi Benedicta alivaa miwani, akasoma karatasi zote mbili polepole.

"Ya gari ni safi."

"Ndiyo, lakini..."

"Ya Ansbert ni chafu."

"Ya Ansbert ndiyo ya gari, mama."

"Jina lililoandikwa hapa ni la nani? Mwenye macho haambiwi tazama." Alikunja karatasi. "Kushusha injini ni kusimamisha kazi. Nitabadilisha dereva."

"Bosi, hilo gari mie ndiye ninayelijua," alisema Ansbert.

"Najua, baba. Ndiyo maana umechoka."

Alisema kwa huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. Alimshika bega. Oili kidogo ikatoka kwenye kola, naye akafuta vidole kwa gazeti.

"Hii ni dhuluma," alisema Sukaina.

"Kula andazi, mwanangu. Unakonda."

Ansbert alirudi kwake Boko. Mkewe, Hope, alimwekea beseni chini ya kitanda na kulimwaga kila asubuhi. Majirani wenye cherehani zinazolia walibisha hodi kuomba tone, naye hakuwanyima. Ila usingizi ulimpotea. Kila tipa likipita barabara ya Bagamoyo, kifua kiliitika, na moja alilijua kwa mlio wake. Lilikuwa likigonga kama yeye.

Jumatatu iliyofuata chupa ililetwa na kijana mwenye kifua kipana. Aliitwa Daniel. Oili yake ilikuwa rangi ya asali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hali vipi?"

"Poa tu. Mafua kidogo." Akapenga.

Sukaina aliitazama leso. Akachukua chupa tupu, akaikinga puani kwa Daniel, na safari hii juu yake akaandika namba ya tipa, kwa herufi kubwa, akaipigia mstari. Alipima, akatuma majibu kwa Bi Benedicta kwa simu, akakaa akingoja jibu lake, mguu ukitikisa meza nzima.

Bi Benedicta alijibu kabla ya adhuhuri. Alimshukuru sana kwa kuwahi, akamuuliza kama anamfahamu dereva mwingine.