Kikopo Kilichobadilishwa

Methali ya mficha maradhi mama huyu aliijua tangu darasa la nne, na aliwahi kupata alama zote kwa kuieleza. Lakini kueleza methali ni kazi moja, kuifuata ni nyingine.

Alikuwa dobi. Binti yake mkubwa, aliyeitwa Chiriku na mtaa mzima kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa akisomea ualimu, amebakiza wiki tatu kufanya mtihani wa mwisho. Miezi miwili alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu bila kuruka hata siku. Kikohozi kilipungua, hakikuisha.

Pale kliniki alikochukulia dawa, watafiti wa kifua kikuu walikuwa wameweka utaratibu. Mgonjwa akifikisha miezi miwili, anapewa kikopo chenye jina lake, akohoe asubuhi kabla ya kula, yatoke makohozi ya kifuani, si mate. Wadudu wakikutwa bado wamo, makohozi yanapelekwa kwenye mashine inayoonyesha kama ugonjwa umekuwa sugu kwa dawa. Na mwenye ugonjwa sugu, muuguzi aliongeza, huanzia wodi ya peke yake.

Hilo neno wodi ndilo lililomkaa mama rohoni.

Asubuhi ile Chiriku alikohoa, akafunga kikopo, akakimbilia chuoni. Mama ndiye wa kukipeleka. Alipokiinua akaona uzi mwembamba wa damu ndani yake. Wiki tatu tu! Akayamwaga makohozi chooni, akakisuuza kikopo kwa maji ya moto, kisha akakohoa yeye. Mafua yalikuwa yamemjaza kifua. Akajisemea kuwa mama na mwana ni damu moja.

Muuguzi alikipokea akamtania, “Leo umetuletea mzigo wa maana, si mate kama wenzako.” Mama akacheka naye.

Majibu yakaja safi. Dawa zikapunguzwa kama ilivyo kawaida kwa anayeendelea vizuri. Chiriku akafaulu mtihani, mama akapiga vigelegele hadi majirani wakamwambia ameze mate kidogo. Mwezi wa nne binti akaanza kukonda, akiamka shuka limelowa jasho. Mama alisema ni uchovu wa masomo. Alisema hivyo mara nyingi. Mwezi wa tano damu ikaonekana kwenye mto, na safari hii Chiriku alikwenda mwenyewe. Mashine haikuchukua hata nusu siku: sugu.

Mtaalamu wa maabara, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameshinda juma zima akikagua vifaa, akidhani kosa ni lake. Alimwita mama, akamwekea karatasi mbili mezani, majibu ya mwezi wa pili na ya mwezi wa tano.

“Mama, hizi hazimsemi mtu mmoja.”

“Ile ya kwanza ni yangu,” mama akasema. “Nilikohoa mimi.”

Mzee alivua miwani. Mama alingoja kukaripiwa, hata alitamani.

“Miezi mitatu, mama,” mzee akasema. “Tungeanza dawa nyingine wakati ule, pafu la kulia lisingefika hapa.”

Mama akatoka, akaenda kwenye dirisha la wodi alikolazwa Chiriku, ambako ndugu huzungumza na wagonjwa wakiwa nje. Akamweleza Chiriku yote, bila kujitetea.

“Mtihani hurudiwa, mama,” binti akasema.

Kisha binti akasogea karibu na dirisha.

“Na mdogo wangu? Tumelala kitanda kimoja miezi yote hii. Anakohoa?”

Mama alitaka kusema ni vumbi. Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

“Tangu juma lililopita.”

“Mlete.”

“Kesho mapema, mwanangu. Leo yuko shuleni, wana mazoezi ya…”

“Leo, mama. Na muuguzi amsimamie akikohoa. Si wewe.”

Mama aliitikia kwa kichwa, akafunga kanga kiunoni, akashika njia ya shuleni. Kengele ya mapumziko ilikuwa haijalia.