Mjane wa Mfano

Saluni ilikuwa na viti viwili, kioo chenye ufa, na msusi aliyeitwa Enhe. Jina la kuzaliwa analo, lipo kwenye kitambulisho, linapumzika. Hili la Enhe alipewa na wateja, kwa sababu mtu akianza kumwaga ya moyoni, msusi hatoi ushauri wala hakimbilii pole. Anasuka, anasema "Enhe?", kisha ananyamaza mpaka mwenyewe ayafikie ya chini kabisa. Kuna wanawake walikuja na nywele fupi hata chanuo halizishiki, ilimradi tu wakae kitini.

Kwa hiyo mdogo wake alipoajiriwa kwenye ofisi inayotengeneza programu ya simu ya kuliwaza watu, alijua pa kwenda kusoma. Wiki tatu nzima alikaa kiti cha pili, laptopu mapajani, kichwa kimefungwa mfuko wa nailoni kana kwamba dawa ya nywele inakolea, wateja wasishtuke.

"Naandika majibu yako tu, dada, haki ya nani. Ya wateja hayanihusu. Ofisini kwetu mtu kwanza, mashine baadaye. Imeandikwa mpaka kwenye vikombe vya chai."

Msusi aliucheka ule mfuko, akasaini karatasi aliyoletewa, akaacha doa la mafuta ya nywele pembeni ya sahihi.

Programu ilipotoka ikaitwa Nipo. Msusi aliringa nayo kama mtoto mwenye viatu vipya. Wa kwanza kumwekea alikuwa Fundi, mshona nguo wa mlango wa pili, mteja wake wa miaka kumi na mmoja. Tangu afiwe na mumewe mwaka juzi, Fundi alikuwa akiimba akishona, na sauti ilipenya ukutani mpaka saluni.

"Siku nisipokuwepo, ongea na hiki," msusi alimwambia. "Nimekifundisha mwenyewe."

Jumanne asubuhi Fundi aliingia, pini mbili zimechomekwa kwenye kola, kichwani mistari aliyosukwa juzi.

"Fumua."

"Yote? Hata siku tatu haijamaliza! Inakuvuta?"

Fundi akampa simu. Kabla mtu hajaanza kuongea na Nipo, huonyeshwa kwanza mazungumzo ya mfano, mgeni asiogope. Msusi akasoma:

*Mume wangu alipofariki, nilifua shuka zake za maua ya njano, nikajikuta naimba.*

*Enhe?*

*Tangu anioe, sikuwahi kuimba nyumbani kwangu.*

Maneno hayo yalisemwa kwenye kiti hiki hiki, na yalichukua miaka kutoka.

"Wifi yangu naye anayo," Fundi alisema. "Jana katusomea mezani. 'Jamani, kuna wajane wana mambo!' Mama mkwe akacheka mpaka akapaliwa. Na shuka zenyewe ziko kwenye kamba, uani. Wangegeuza shingo tu, wangeziona."

"Fundi, wallahi mimi siku..."

"Tulikuwa watatu humu. Mimi, wewe, na yule wa mfuko. Nikamwonea huruma, nikasema binti wa watu dawa itamuunguza."

Msusi akampigia mdogo wake, akaweka spika.

"Dada! Umeyaona? Ndiyo yaliyopata alama za juu kuliko yote! Walioyasoma ofisini walilia!"

"Uliniapia."

"Jina tumeliondoa, dada. Siri za watu tunazitunza sana."

"Jina lipi? Humu ndani nani huwa anataja jina?"

Msusi akasogeza simu karibu na mdomo.

"Yatoe."

"Yatatoka kwenye toleo lijalo. Wiki sita."

"Leo."

"Siyo mimi ninayeamua. Halafu, dada, ulisaini. Kifungu cha saba: mazungumzo yote ya saluni." Kisha akashusha sauti, taratibu, kwa upole ambao msusi aliujua maana ulikuwa wake mwenyewe. "Enhe? Hebu niambie, unajisikiaje?"

Msusi akakata simu.

Akaanza kufumua kutoka kisogoni. Mistari ishirini na miwili. Kila alipoachia mmoja, lile neno lilimjia ulimini, akalimeza. Kwenye kioo, ufa ulipita katikati ya uso wa Fundi, na midomo ilikuwa imebanwa kama inashikilia pini.

"Imebaki mingapi?" Fundi aliuliza mara moja tu.

"Minne."

Ilipokwisha akafunga kitambaa, akatoka bila kuaga. Alielekea nyumbani. Baada ya nusu saa akapita tena dirishani, kakumbatia furushi, pembe ya ua la njano imechungulia. Msusi akasikia mkasi mkubwa ukifanya kazi, muda mrefu, kama mtu anayekata vitambaa vya kufutia mashine.

Halafu cherehani ikaanza upande wa pili wa ukuta. Msusi akazima feni, akasogeza sikio.

Cherehani tu.