Tiki za Heshima

Kazi yangu ni kuwauliza watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi mambo ambayo hata mke huona haya kumuuliza mumewe. Una wapenzi wangapi? Mara ya mwisho mlitumia kondomu? Mwenzi wako anajua hali yako? Kwa wapagazi na wahudumu wa baa nina macho makavu. Nawabana mpaka jasho liwatoke, maana nilishajiaminisha kwamba hatari inakaa kwao. "Mficha maradhi kifo humuumbua," huwa nawatania.

Kisha akaingia mwalimu aliyenifundisha hesabu, shati limenyooka kwa pasi. Nikasimama wima kama niko darasani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe umekuwa mtu mkubwa!"

Ningemuulizaje mambo ya chumbani mtu aliyenivuta sikio kwa kukosea kugawanya? Nikayameza maswali, nikaijaza fomu mwenyewe. Kondomu: kila mara. Mwenzi: anajua. Msomi yule, nilijiambia, nimfundishe nini mimi? Miezi minane ikaenda hivyo, tukiulizana habari za nyumbani huku naweka tiki.

Jumatatu waliniletea mama mjamzito. Kipimo chake cha mwezi wa tatu wa mimba kilikuwa safi; cha mwezi wa saba kilionyesha virusi. Kwenye kadi, jina la mume lilikuwa la Mwalimu.

"Dada, mimi simjui mwanamume mwingine," alisema. "Nimeyatoa wapi haya?"

Nilimwanzishia dawa saa ileile ili kumkinga mtoto. Jibu sikumpa. Siri ya mgonjwa ilinifunga mdomo, na Mungu anisamehe, nilifurahi kufungwa.

Alhamisi Mwalimu alipokuja sikuinuka. Nilifunga mlango, nikamsomea maswali yote, moja moja. Kondomu, hajawahi kutumia. Mkewe hajui.

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?"

Alivua miwani, akayafuta macho.

"Siku ya kwanza nilikuja nimejiandaa. Njia nzima narudia majibu. Hukuniuliza. Nikasema labda mwezi ujao, na ule mwingine." Alinitazama bila hasira. "Ungeniuliza, mwanangu, ningesema."

Nililia mbele yake bila haya.

Kesho atarudi na mkewe. Mwalimu atasema lake, kisha itabidi nami niseme langu: kwamba niliulizwa na fomu nikajibu kwa niaba ya mumewe, na kwamba wakati huo mama yule alikuwa bado mzima.