Unga wa Manjano

Nabwile aliingia dukani na beseni kichwani, akalitua juu ya kaunta, akafunua majani ya mgomba. Tilapia wanne wanono, magamba yaking'aa kama bati jipya.

"Daktari, hawa ni wako. Ile dawa yako ilinitoa aibu."

Kipkemei alicheka. Si kila siku muuza dawa za mifugo wa Kitale huletewa shukrani kutoka Ndalu. Hata lile jina la udaktari, ambao hakuusomea, alikuwa ameacha kulikataa. Wiki mbili zilizopita mama huyu alikuja akilia: samaki bwawani wana vidonda, wanaelea. Kipkemei alimchotea unga wa manjano, dawa ya kuku ya kuua bakteria, akamfungia kwenye karatasi, akamwambia auchanganye na chakula chao. Maelezo yalibaki palepale, yamebandikwa kwenye mkebe.

"Mara ya mwisho umewapa lini?"

"Juzi. Jana tukavua. Wengine wako Bungoma kwa Nasike wangu, si wakwe wanakuja leo kumwona?"

Kicheko kilimkauka. Angeweza kunyamaza. Samaki walipendeza macho, hawakuwa na harufu, na hakuna mgeni ambaye angeanguka mezani. Hilo ndilo lililomtisha. Madhara ya namna hii hayana haraka. Hujikusanya kimya kimya, hadi siku mtoto wa mtu anaugua na dawa zinakataa kumsaidia.

"Mama," alisema, macho yakiwa kwenye beseni, "hawa hawaliwi. Dawa bado imo mwilini mwao. Ilifaa usubiri angalau wiki tatu. Sikukwambia."

"Ulisahau?"

Alitamani kusema ndiyo.

"Hapana. Sikusoma."

Nabwile hakupaza sauti. Alitoa simu, akampigia bintiye. "Nasike, zima moto. Hao samaki wasiguswe na mtu. Tafuta kuku." Akasikiliza kwa muda, akafumba macho. "Wakikuuliza, sema mama yako ndiye amekosea."

Maneno hayo yalimpata Kipkemei kama kofi. Akanyoosha mkono. "Nipe simu, mama. Nitawaeleza mwenyewe."

"Wewe utaongea na Makokha."

"Makokha gani?"

"Jirani yangu. Nilimsifia dawa yako, akaja akanunua. Asubuhi amepeleka samaki wake Chwele sokoni."

Kipkemei alijaribu kuikumbuka sura ya mtu huyo, asiione. Alikumbuka mikono tu, imeshika pakiti ya karatasi. Nabwile alipiga, akaiweka simu katikati yao, karibu na beseni. Iliita sana. Kisha makelele ya soko yakajaa dukani, na mbuzi wakilia.

"Mama Nasike! Ulitaka samaki? Wameisha wote, na jua hata halijapanda."

Kipkemei aliiinamia simu. "Wamenunua akina nani?"

Makokha alicheka, kicheko cha mtu aliyeamkia siku njema.

"Watu tu, bana. Watu."