Jina la Anselmo

Mahakama ilikuwa imepiga marufuku vipaza sauti, kwa hiyo wachuma zabibu waliogoma walibaki na gita la mzee Crispín na koo la Eufemia. Walisimama kando ya barabara, kwani kukanyaga shamba la zabibu kulimaanisha kukamatwa. Eufemia alitunga beti papo hapo, akimtaja kwa jina kila Mchicano, Mmarekani mwenye asili ya Meksiko kama wao, aliyekuwa ndani akichuma, yeye na wazazi wake, mpaka aibu imtoe.

"Baltazar wa Petra," aliimba asubuhi hiyo, "mamako aliinamia mizabibu hii hata akazikwa mgongo umepinda."

Baltazar alitupa kisu, akatoka akilia. Watu wakashangilia.

"Bado nani?" Crispín aliuliza.

Eufemia alijua. Mdogo wake, Anselmo, alikuwa amejipenyeza kwenye majani hadi ukingoni mwa shamba, kofia ameishusha usoni.

"Dada, nakuomba. Usinitaje."

"Toka basi, nisikutaje."

"Nikitoka, mtoto atapata wapi dawa? Daktari hatibu kwa nyimbo."

"Na wangu wanakula nini, unadhani? Hizo hizo nyimbo."

"Ndiyo maana wamekonda."

Nusura wacheke wote wawili. Kisha Anselmo akasema taratibu, "Ukinitaja, usikanyage kwangu tena. Hata msibani usije."

Nyuma ya Eufemia, Doña Tomasa, mama mmoja wa wagomaji, alikuwa amesikia. "Ehe, mwimbaji! Ya Baltazar umeyafukua mpaka kaburini. Ya kwenu yamekukwama kooni?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja alianza kukunja bendera. Baltazar, ambaye sasa hakuwa na kazi wala chakula cha jioni, alimtazama Eufemia bila kupepesa. Njaa ilikuwa imeshaumega mgomo nusu. Akimficha ndugu yake, kesho nani angetoka kwa ajili ya wimbo wake?

Akafumbua kinywa. "Anselmo," aliimba, "Anselmo wa Jacinta..."

Jacinta alikuwa mama yake pia. Sauti ikakatika hapo. Crispín alirudia mapigo yale yale, akimsubiri. Eufemia hakuweza kuendelea. Tomasa akaudaka ubeti, Baltazar akafuata, kisha barabara nzima ikawa inamwita Anselmo wa Jacinta, Anselmo wa Jacinta.

Anselmo alirudi kwenye safu yake. Alikata kichala, akakilaza kwenye kreti, akakata kingine. Eufemia aligeuka akawapungia mikono wanyamaze, lakini wao walidhani anawaongoza, wakazidisha sauti.