Kura ya Asiye na Gobore

Kapteni Asahel Thayer aliingia uani kwa Jotham Pell mchana kweupe, asije akasemwa kwamba alinyatia. Jotham alikuwa akichonga mpini wa shoka, wala hakusimama.

"Umekuja kulichukua gobore langu."

"Nimekuja kulichukua."

"Kwani hakimu aliyeamuru mwenyewe hana miguu?"

"Nilimwambia nije mimi. Wewe ulinichagua, jirani. Bora uninunie mimi kuliko askari usiyemjua."

Kule Harlow, kama kwingine Massachusetts, kapteni wa mgambo alichaguliwa na wanaume aliowaongoza, wale wale waliolima naye na kuzika naye. Sheria ilimtaka kila mmoja awe na gobore lake nyumbani, na asiye nalo alitozwa faini. Majira ya baridi yaliyopita, nusu yao waliyabeba magobore hayo wakaenda kuifunga mahakama iliyokuwa ikiwanyang'anya wakulima mashamba. Serikali ya Boston ikawatawanya, kisha ikawasamehe kwa sharti: miaka mitatu bila silaha, na bila kura.

"Hebu nieleweshe, maana mimi kichwa kigumu," Jotham alisema. "Nisipokuwa nalo, faini. Nikiwa nalo, kosa. Tulipomtimua mfalme tulikuwa nani? Jeshi? Si tulikuwa sisi sisi, na gobore hili hili?"

"Mfalme hatukumchagua. Hawa wa Boston tumewachagua."

"Umewachagua wewe. Mimi siku ile ng'ombe wangu alikuwa anazaa."

"Basi mlaumu ng'ombe!" Asahel alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mgambo ni watu wote, Jotham. Nusu wakijiona ndio wote, tutauana hapa hapa kijijini."

"Na nusu iliyobaki ikijiona ndiyo wote? Hiyo tuiiteje?"

Swali hilo lilimuuma Asahel. Alikuwa ameyawaza hayo majira yote ya baridi, na kila mara alikwama pale pale. Jotham aliingia ndani, akatoka na gobore lililofutwa vizuri na kupakwa mafuta.

"Usiliweke penye unyevu," alisema. "Linashika kutu upesi."

Siku ya gwaride la mgambo ilifika, na safu ilikuwa fupi mpaka ikatia aibu. Wanawake walileta mikate ya tangawizi kama kawaida. Walionyang'anywa silaha walisimama nje ya ua wa mawe, mikono mifukoni, na hakuna aliyejua aanze vipi kuwasalimu.

Muda wa kapteni ulikuwa umekwisha, ikabidi wapige kura. Asahel aliitoa kofia yake na kuishika mwenyewe, na mmoja mmoja walipita wakitumbukiza vikaratasi. Ndipo Jotham alipouruka ule ua, akaja moja kwa moja, akatumbukiza cha kwake.

"Wewe!" karani wa kikosi alifoka. "Huna gobore, huna kura!"

"Nina jina," Jotham alisema. "Na nyumba yangu ikiungua, nyie ndio mtakaokuja kuizima. Au nayo siku hizi hairuhusiwi?"

Mtu mmoja safuni alicheka, akanyamaza upesi. Karani alinyoosha mkono kuelekea kofia. "Kipo juu juu, Kapteni. Nimekiona. Ngoja nikitoe."

Asahel alimtazama Jotham. Hakujua ameandika jina la nani, na kwa jinsi walivyoachana, hakuthubutu kudhani ni lake. Alijua tu kwamba kikitolewa, atabaki kapteni wa hii safu fupi, na ataongoza watu huku akiona haya kugeuza uso kule kwenye ua.

Aliufumba mdomo wa kofia, akaitikisa kwa nguvu, akaigeuza, akaitikisa tena.

"Haya," alisema, akamsogezea karani. "Kitafute."

Karani aliangalia ndani, akainua uso ulioiva kwa hasira. "Umeziharibu kura zote! Hakimu atazifuta, na ukapteni wako utakwenda nazo!"

"Azifute," Asahel alisema. "Hesabu."